Kiti Kisicho Chako Wala Changu

Somo la wiki: Luka 14:7–11, Filemoni 1:8–21

Wapendwa, wiki hii nataka tuulizane swali moja. Kitu unachopewa bure kila mara, na unajua hata kesho utapewa, je, bado ni zawadi, ama kimeshakuwa haki yako? Na yule anayekupa, kama kutoa hakumpunguzii kitu, je, anaweza kukunyima siku akiamka vibaya?

Swali hili si geni kwetu. Ibada ikiisha wengine hutafuta matatu, wengine wana magari. Yuko ndugu anayepewa lifti kila Jumapili mpaka siku hizi haombi tena. Anafungua mlango, anaingia, anasukuma kiti nyuma, kisha anauliza mbona tunachelewa. Yuko pia mwenye gari ambaye lifti yake imekuwa fimbo. Ulimpinga kwenye kamati ya ujenzi? Basi gari limejaa, hata kama sote tunaona viti vitatu viko wazi. Hao wawili hawajavunja sheria yoyote. Lakini kila mtu anajua kuna kitu kimeharibika.

Mimi swali hili lilinifuata kazini, na huko ndiko nitawapeleka. Kwa miaka 12 niliendesha ndege za abiria Marekani, katika kampuni ndogo. Familia ilikaa Minneapolis, ambako Wakenya ni wengi, na kituo changu cha kazi kilikuwa Chicago. Ni kama mtu kukaa Kisumu na kuripoti kazini Mombasa. Marubani wengi wa huko wanaishi hivyo. Kampuni inafunga kituo mji huu na kufungua mji ule, na mtu hawezi kuhamisha watoto shule kila mara. Kwa hivyo rubani anaenda kazini kwa ndege, na mara nyingi si ndege ya kampuni yake. Tiketi hanunui. Anaomba kiti cha kukunja.

Kiti hicho kiko ndani ya chumba cha marubani, nyuma ya viti vyao viwili. Unakikunjua, unakaa, unajifunga mikanda. Ni kigumu, na magoti hayana pa kwenda. Kimewekwa kwa ajili ya wakaguzi wa serikali na wale wanaokuja kupima marubani wakiwa kazini. Siku ambayo hao hawapo, rubani wa kampuni nyingine anaweza kukikalia bila kulipa. Makampuni yameelewana: wewe beba wangu, nami nitabeba wako. Ndege ikiwa na nafasi upande wa abiria, unakaa huko nyuma kwa raha zaidi, lakini utaratibu wa kuomba ni uleule.

Sasa sikilizeni adabu yake, maana haikuandikwa yote kwenye vitabu.

Kwanza unafika mapema, umevaa vizuri, unamwona karani wa mlango wa kupandia. Unaonyesha kitambulisho, leseni na cheti cha afya. Kompyuta inathibitisha kwamba wewe ni rubani kweli na bado umeajiriwa. Jina lako linaandikwa. Kwa akili ya kawaida ungesema mambo yameisha, nipite nikakae. La, hasha. Unaingia ndegeni, unawasalimu wahudumu, unasimama kwenye mlango wa chumba cha marubani, unajitambulisha, kisha unasema maneno yaleyale ambayo kila rubani husema: “Kapteni, naomba kusafiri nanyi.”

Akikubali, unashukuru. Huendi kuketi kwenye viti vya daraja la kwanza bila kualikwa. Huagizi chakula. Pombe huigusi. Ukikaa mle mbele, ndege ikiwa chini ya futi 10,000, huzungumzi habari za mpira wala za mshahara. Wakati huo ni wa kazi tu. Lakini ukiona kitu ambacho wao hawajakiona, ndege nyingine kwa mfano, unasema mara moja, maana umeshahesabiwa kuwa sehemu ya wafanyakazi wa safari ile. Akija rubani wa kampuni yenyewe kabla mlango haujafungwa, na nafasi ni moja, unachukua begi lako na kushuka bila kununa. Mkifika, unaacha abiria watoke, unashukuru tena, ndipo unaondoka. Wengine hubeba pakiti ya chokoleti kwa wahudumu, kwa sababu hao ndio watakaokutafutia pa kuweka begi.

Nilipokuwa mgeni katika kazi ile, hilo la kuomba lilinisumbua. Karani amekubali, kompyuta imekubali, kampuni zimetia sahihi. Na kusema ukweli, katika mia moja unaoomba, karibu wote watasema karibu. Ya nini basi kusimama mlangoni kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda kucheza?

Jibu nililipata kwa kuwaangalia wale wasioomba. Walikuwepo wachache. Mtu anaingia, anatupa begi, anakunjua kiti, anasema “niko nanyi” huku anaangalia simu. Kapteni hakuwa amepoteza kitu. Kiti kilikuwa kitupu, na ndege ingeruka vilevile. Lakini utaona uso wake umebadilika. Mtu yule amempita kama anavyopita mlango. Amemhesabu kuwa sehemu ya mashine inayompeleka nyumbani.

Kuomba kunamrudishia mwenzako ubinadamu wake. Kunasema: najua uko hapa, najua uamuzi ni wako, na sitaki kuchukua kitu ambacho kinatoka mkononi mwako bila kuutazama mkono. Ndiyo maana namkumbuka Paulo anapomwandikia Filemoni. Anasema wazi kwamba angeweza kumwamuru. Cheo alikuwa nacho. Lakini anaamua kuomba, ili wema wa Filemoni uwe wema wa hiari. Angalia basi: kuomba hakukumpunguzia Paulo mamlaka. Kulimpa Filemoni nafasi ya kuwa mtu mwema. Ukichukua bila kuomba, unamnyima mwenzako nafasi hiyo, hata kama kitu chenyewe angekupa.

Na katika Luka 14 Bwana anawatazama wageni wakikimbilia viti vya mbele karamuni. Shida haikuwa viti. Shida ilikuwa mgeni kusahau kwamba karamu ina mwenyeji.

Kwa hivyo neno la kwanza ni hili: kiti si haki ya anayeomba. Kama makala ingeishia hapa, wenye magari wangefurahi sana. Lakini iko sehemu ya pili.

Sheria za Marekani zinampa kapteni neno la mwisho kuhusu nani anakaa kwenye kiti kile. Anaweza kukataa. Mamlaka hayo yana sababu yake, na sababu imelipiwa kwa damu. Aprili 7, 1994, ndege ya mizigo ya FedEx iliondoka Memphis ikiwa na marubani watatu na mfanyakazi mwenzao aliyepanda kama msafiri wa bure. Mtu huyo, Auburn Calloway, alikuwa anakabiliwa na kikao cha nidhamu. Wakiwa angani aliwavamia kwa nyundo. Marubani wakiwa na majeraha mabaya ya kichwa walipigana naye, wakaigeuza ndege, wakaitua Memphis. Oktoba 22, 2023, rubani aliyekuwa kwenye kiti cha kukunja, katika ndege iliyotoka Everett kwenda San Francisco, alijaribu kuvuta mikono ya kuzimia injini, na nyuma walikuwa watu zaidi ya 80. Marubani walimzuia, na ndege ikatua Portland. Na baada ya Septemba 11, 2001, kwa muda mlango ulifungwa kabisa kwa marubani wa makampuni mengine, mpaka ukapatikana ule mfumo wa kompyuta wa kuwathibitisha.

Kwa hivyo kapteni akimtazama mgeni machoni, akamuuliza maswali mawili matatu, hafanyi maringo. Analinda watu ambao hawamjui na hawatamjua. Akiona huyu amelewa, ama akili yake haijatulia, ama ndege imeshafika kikomo cha uzito, anakataa, na ni wajibu wake kukataa.

Lakini wahenga walisema pia mgeni njoo, mwenyeji apone. Julai 19, 1989, ndege ya United ilikuwa inatoka Denver kwenda Chicago, injini ya mkiani ikapasuka na kukata mifumo yote mitatu ya mafuta yanayoendesha usukani. Ndege ilikuwa haishikiki. Kati ya abiria alikuwemo Denny Fitch, mkufunzi wa marubani wa kampuni hiyo, ambaye siku hiyo hakuwa zamu. Hakuvamia chumba cha mbele. Alimtuma mhudumu ampelekee Kapteni Al Haynes habari kwamba yupo, kama anaweza kusaidia. Aliitwa, akaingia, akashika vidhibiti vya nguvu za injini mbili zilizobaki, na hivyo ndivyo walivyoielekeza ndege mpaka Sioux City. Ilianguka ikitua, na watu 112 walikufa. Lakini watu 184 waliokoka katika safari ambayo wengi wangesema haina hata mmoja wa kuokoka. Ona, hata katika saa ile, aliyekuwa na msaada alibisha hodi kwanza. Na aliyekuwa na mamlaka alifungua.

Kati ya mambo hayo mawili, kulinda na kupokea, ndipo kapteni anapaswa kuishi. Hebu sasa niwaeleze kesi iliyo ngumu.

Miaka ya 1980 ilikuwa ya mapambano kati ya makampuni ya ndege ya Marekani na wafanyakazi wake. Septemba 1983 kampuni ya Continental ilikimbilia kinga ya sheria ya kufilisika, ikafuta mikataba na kukata mishahara vibaya sana. Oktoba 1 marubani waligoma, na mgomo ule ukaendelea hadi 1985. Mwaka huo wa 1985 marubani wa United nao waligoma kwa siku 29. Mwaka 1989 ikawa zamu ya Eastern, na Januari 1991 kampuni hiyo ikafa kabisa. Katika migomo hiyo wako waliosimama nje miezi na miezi, na wako walioingia kazini wenzao wakiwa nje. Majina ya walioingia yaliandikwa, orodha zikasambazwa. Kwa miaka mingi baadaye, rubani ambaye jina lake lilikuwa kwenye orodha alijua kwamba akiomba kiti kwa kapteni asiyesahau, atanyimwa.

Niliona kwa macho yangu. Ilikuwa Desemba, miaka zaidi ya 20 baada ya mgomo mmoja wa miaka ile. Kapteni wangu siku hiyo alikuwa mzee wa miaka 58 aliyekuwa amegoma, hakurudi tena kwenye ndege kubwa, akaishia kampuni ndogo kama yetu. Akaingia rubani wa kampuni kubwa, nywele nyeupe. Akatoa vitambulisho vyake akasema, “Kapteni, naomba kusafiri nanyi.” Ilikuwa ndege ya mwisho usiku ule.

Kapteni akasoma jina. Akauliza, “Wakati wa mgomo ulikuwa wapi?”

Yule mtu hakujifanya haelewi. Akasema, “Nilikuwa kazini.”

“Basi leo hakuna kiti.”

Kiti kilikuwepo. Kilikuwa hapo nyuma ya bega langu. Yule mzee akachukua kadi zake, akasema, “Asante, Kapteni,” akavuta begi lake akatoka.

Tulipofika juu na kazi ikapungua, nilimuuliza Kapteni kwa heshima kwa nini. Hakukasirika. Akaniambia, “Nilipoteza nyumba. Binti yangu alitoka chuoni na hakurudi. Mke wangu alisafisha ofisi za watu usiku. Na wakati huo wote, huyo alikuwa amekalia kiti changu.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Chama chetu hakina polisi wala jela. Tulichonacho ni kiti hiki tu. Tukiwabeba kana kwamba hawakufanya kitu, siku ya mgomo mwingine nani atasimama nje?”

Wapendwa, msiharakishe kumhukumu mzee huyo. Hoja yake ni nzito. Mwenye kuumizwa ni yeye, na mimi ambaye sikupoteza nyumba siwezi kutoa msamaha kwa niaba yake. Na ni kweli kwamba jumuiya ambayo usaliti hauna gharama, uaminifu nao unakosa thamani. Nimeitafakari hoja hiyo kwa miaka, na bado naona alikosea, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza: alilipia deni lake kwa pesa isiyo yake. Mamlaka ya kukataa alipewa kwa ajili ya usalama wa watu walioketi nyuma ya mlango. Mfikirie askari wa geti. Amepewa ufunguo alinde ploti. Akimfungia nje mpangaji kwa sababu anamdai shilingi elfu mbili, hata kama deni ni la kweli, ufunguo haukutolewa kwa kazi hiyo. Kiti si haki ya anayeomba. Lakini vilevile si mali ya anayetoa. Amekabidhiwa tu.

Sababu ya pili: adhabu yake haikuwa na mwisho. Hakimu akimfunga mtu hutaja miaka. Hata mwizi anajua siku yake ya kutoka. Lakini yule mzee alikuwa anahukumiwa upya kila mara aliposimama kwenye mlango wa ndege, na hakuna aliyesema ni lini atakuwa amemaliza. Tena nilifanya kazi na vijana ambao wakati wa migomo ile walikuwa wakinyonya, nao walikuwa wamekariri majina. Wamerithi deni ambalo hawakuwahi kudai. Adhabu ikifika mahali inarithiwa na watu ambao hawakukosewa, hiyo si haki tena, ni mila ya kuchukiana.

Na yule aliyenyimwa? Naye simwachi. Aliomba vizuri, alisema kweli, alishukuru. Lakini kuomba kiti si kuomba msamaha. Onesimo alipotumwa arudi, alirudi mwenyewe kwa mtu aliyemkosea, akasimama mlangoni kwake. Na Paulo hakuficha deni; aliandika kwamba kama kuna kitu kinadaiwa, kiwekwe kwenye hesabu yake. Wengi wetu tunataka kupokelewa bila hesabu kutajwa. Tunapeleka kitambulisho, lakini neno lenyewe hatupeleki. Msamaha haufichi risiti. Unaisoma yote, kisha unaamua.

Mkiniuliza ningetaka Kapteni wangu aseme nini usiku ule, ningetaka aseme hivi: “Nakujua. Sijasahau. Kaa.” Asijifanye kwamba hakuumia, asimkumbatie kwa uongo. Ampe kiti pamoja na ukweli. Huenda tungepita futi 10,000 na wazee wawili wakaanza kuongea mambo ambayo hawakuwahi kuongea kwa miaka zaidi ya 20. Huenda wasingesema kitu mpaka Minneapolis. Lakini mtu mmoja angelala nyumbani kwake, na mwingine angekuwa ameshusha mzigo ambao haukumrudishia nyumba hata siku moja.

Basi wiki hii turudi kwenye viti vyetu wenyewe. Wewe unayepewa lifti, unayeketi kwenye duka la jirani kila jioni, unayetumia stima ya shangazi kuchaji simu: omba, hata kama unajua jibu ni ndiyo. Umtaje mtu kwa jina lake, umtazame, ushukuru ukishuka. Ukisikia “leo haiwezekani,” chukua begi lako bila kununa. Hukunyang'anywa kilicho chako.

Na wewe mwenye gari, mwenye ufunguo wa ukumbi, unayeandika orodha ya nani ahudumu na nani asihudumu: kabla ya kusema hapana, jiulize sababu yako inamlinda nani. Kama inalinda watu, sema hapana na ulale salama. Kama inakusanya deni la zamani, basi deni hilo lipeleke kwa mwenyewe, ana kwa ana, mlimalize huko. Na akija kuomba kiti kabla hamjalimaliza, mwambie unakumbuka, halafu mfungulie mlango.